Injini Imekufa: Kabla ya Kununua Nyingine



Somo letu mara hii ni la gari. Najua vikundi vingi vinavyosoma ukurasa huu havina gari. Vina mbuzi, mizinga ya nyuki, mashine ya posho au pampu ya maji. Hata hivyo msiliruke somo. Mashine ya posho ina injini, pampu ya maji ina injini, na zote hufa kwa njia zinazofanana. Nitatumia mfano wa gari kwa sababu hapo ndipo nimeona pesa nyingi za wanakikundi zikiteketea kwa muda mfupi.

Kikundi nitakachokisimulia kiko upande wa Sigor, Pokot Magharibi. Wamenikubalia nieleze habari yao, mradi nisiwataje jina. Wana Land Cruiser pickup ya zamani, HZJ75 ya mwaka wa 1994. Injini yake ni ile inayoitwa 1HZ: ya dizeli, silinda sita, sisi 4,164, isiyo na tabo. Mafundi wengi huipenda kwa sababu ni ngumu na haina mambo ya kompyuta. Gari hiyo hupeleka maembe soko la Makutano na kurudi na unga, sukari na mabati. Usiku ikiitwa, hubeba mama mwenye uchungu wa kuzaa mpaka hospitali ya misheni ya Ortum. Novemba 2019, maporomoko ya ardhi yalipoua watu wengi Pokot Magharibi na kukata barabara, ilibeba blanketi na chakula mpaka pale ilipoweza kufika. Kwa hivyo ikisimama, si biashara peke yake inayosimama.

Wanaoijua njia ile wanajua kwamba kutoka Marich kwenda Makutano ni kupanda tu. Ukishapita Chepareria unakutana na mlima wa Kamatira. Gari yenye mzigo wa maembe hupanda pale polepole, kwa gia ndogo, injini ikilia kwa nguvu huku upepo wa kuipoza ukiwa kidogo. Ni pale pale injini ilipokufa, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ilichemka. Fundi alifungua akakuta gasketi ya hedi imeungua. Hedi ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya ikawekwa, gari ikarudi kazini. Wanachama 34 walichanga shilingi 6,000 kila mmoja, yaani 204,000. Wako waliouza mbuzi. Mama mmoja aliniambia alitoa pesa aliyokuwa ameweka ya yunifomu ya mtoto.

Baada ya wiki tatu ilikufa tena, mahali pale pale. Safari hii hedi ilipasuka, maji yakaingia kwenye oili, na pistoni mbili zikashikana na silinda. Fundi akasema, "Hii imenoki kabisa. Tafuteni injini nyingine."

Walipokuja ofisini kwetu kuuliza habari ya mkopo, walikuwa tayari wameamua mambo mawili: watanunua injini ya mtumba Nairobi, na dereva atalipa nusu ya bei kwa sababu ya uzembe. Dereva huyo ni kijana mwenye watoto watatu. Nusu ya bei ya injini kwake ni kuuza kila kitu alicho nacho.

Lakini kwa nini?

Wale waliopitia mafunzo ya DELTA wanalikumbuka swali hili. Unauliza tatizo limetoka wapi, unapewa jibu, na badala ya kuridhika unauliza tena: lakini kwa nini? Nilizoea kulitumia katika mambo ya njaa na ya watoto kuacha shule. Sikuwahi kulitumia kwa injini. Mimi si fundi wa magari, basi niliwaomba tumwite mzee mmoja aliyekuwa mekanika wa misheni miaka mingi na sasa amestaafu. Tukakutana chini ya mti karibu na gari, boneti ikiwa wazi, kila mtu akiona.

Kwa nini injini ilikufa? Hedi ilipasuka. Lakini kwa nini? Joto lilizidi. Lakini kwa nini? Maji yaliisha. Lakini kwa nini yaliisha na dereva asisimamishe gari?

Hapo watu wakamgeukia dereva. Akasema maneno yale yale aliyokuwa akiyasema tangu siku ile, yaani kwamba mshale wa joto haukupanda. Ulipanda kidogo, halafu ukashuka, akadhani gari imepoa. Wengine wakacheka kwa hasira. Mweka hazina akasema, "Mshale unashukaje na injini inaungua? Huo ni uongo."

Mzee hakubishana naye. Aliomba sufuria ya maji ya moto. Akakifungua kile kidude cha kupima joto kilichochomekwa kwenye injini, akakiunga kwa nyaya mpaka kwenye geji ya dashibodi, akakitumbukiza kwenye maji. Mshale ukapanda. Akakitoa, akakiinua hewani. Mshale ukaanza kushuka. Akakirudisha majini, ukapanda tena. Hakusema neno. Watoto waliokuwa wakitazama ndio waliosema kwanza, "Kumbe kinataka maji!"

Ndivyo ilivyo. Kidude kile hupima vizuri kikiwa kimezungukwa na maji. Maji yakiisha kinabaki kwenye hewa au mvuke, na mshale unaweza kushuka huku chuma kikizidi kuungua. Wapendwa, liandikeni hili mahali ambapo kila dereva wa kikundi atalisoma: mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla mlimani, gari ikiwa bado na mzigo, simamisha na uzime. Usifungue kifuniko cha rediata wakati huo, kwa maana maji yaliyobaki yatakurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kukishika kwa mkono bila kuungua.

Tukaendelea kuuliza. Kwa nini maji yaliisha? Mzee alituonyesha mambo manne. Rediata ilikuwa imeziba, karibu nusu ya mirija yake ikiwa imejaa kutu na chokaa. Mpira wa kifuniko ulikuwa umepasuka. Kifuniko hicho si cha kuzuia maji kumwagika tu. Kinashikilia presha, na maji yenye presha huchelewa kuchemka. Makutano iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Yaani kadiri unavyopanda ndivyo kifuniko kinavyohitajika zaidi. La tatu, feni ilizunguka kivivu, kwa sababu klachi yake ya mafuta ilikuwa imechoka.

La nne lilinishangaza. Thamostati haikuwamo. Kuna fundi aliyeitoa zamani akisema ati bila hiyo maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Mafundi wengi wa barabarani hufanya hivyo. Lakini katika injini nyingi za Toyota thamostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rediata, na papo hapo inafunga njia ya mkato ambayo huyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani tu. Barabara ya tambarare hutaona shida. Utaiona Kamatira.

Lakini kwa nini rediata iliziba? Kwa sababu ilijazwa maji ya mtoni na ya kisima cha pampu, mwaka baada ya mwaka. Maji ya mtoni yana matope, na ya visima vingi vya sehemu kavu yana chumvi inayoganda kama ile unayoiona ndani ya birika. Na kwa nini haikusafishwa mara ya kwanza, hedi ilipofunguliwa?

Kimya. Ndipo katibu, mama mkweli sana, akafungua daftari la mikutano. Akasoma kwa sauti. Dereva alikuwa ameripoti kwamba gari inakunywa maji. Kamati iliandika: itajadiliwa mkutano ujao. Mkutano uliofuata aliripoti tena na kuomba pesa ya rediata. Kamati iliandika: hakuna pesa kwa sasa. Baada ya hedi kufunguliwa fundi naye alitaja rediata, ikaonekana ni gharama ya kuongeza.

Basi 204,000 ziliwekwa kwenye injini ambayo kilichoiua kilikuwa bado kimekaa mbele yake, sentimita chache tu kutoka kwenye feni. Na ile injini ya Nairobi waliyotaka kukopa kuinunua ingefungwa nyuma ya rediata ile ile.

Sasa tununue nini?

Injini ikishakufa kuna njia kadhaa, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni kufufua ile ile, yaani kuiovahauli. Bloku inapelekwa kwenye karakana ya kuchonga injini, inapimwa kama ina ufa, silinda zinachongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo au slivu mpya, krenki inasagwa na kupewa beringi za kipimo chake. Uzuri wake ni kwamba unaijua injini yako, na namba yake haibadiliki. Mtego ni bei ya spea zote zikijumlishwa, na ni kazi isiyotaka haraka wala ujanja. Ukiovahauli kwa spea za bei ya chini kabisa, umejinunulia mwaka mmoja. Msikubali kuanza kabla bloku haijapimwa ufa. Kikundi chetu kilipima, na ufa ukapatikana kati ya silinda mbili. Njia hiyo ikafungwa.

Ya pili ni injini ya mtumba ya aina ile ile. Hii ndiyo wengi huchagua, na nitaieleza zaidi hapa chini.

Ya tatu ni kuweka injini ya aina nyingine, labda ya lori dogo, kwa sababu inapatikana rahisi. Vijana wa jua kali wana ufundi mkubwa, na nimeona magari yaliyofanyiwa hivyo yakitembea miaka. Lakini kila kitu kinachoigusa injini itabidi kibadilishwe: mikono ya kuishikilia, sahani ya kuiunganisha na gia boksi, urefu wa shafti, bomba la moshi, hosi, rediata, nyaya. Bei ya injini inaonekana ndogo na ile ya kuiunganisha haionekani. Tena siku fundi yule akihama, hakuna mwingine anayejua alichofanya. Kwa kikundi sishauri, isipokuwa fundi anaweza kuwaonyesha gari nyingine ya aina yenu aliyoifanyia hivyo, na mwongee na mwenyewe.

Ya nne ni kuuza gari jinsi ilivyo na kukodi. Watu huona aibu hata kuitaja. Mimi huwaambia waiweke mezani pamoja na zile nyingine. Angalieni chesisi kama imeoza, gia boksi kama inalia, difu kama zinavuja. Haifai kuweka injini nzuri kwenye gari ambayo imebakiza mwaka mmoja. Kikundi chetu kilifanya hesabu hiyo na kuona mwili wa gari ni mzima, ila sakafu upande wa abiria, ambayo ilihitaji kuchomelewa.

Kuikagua injini ya mtumba

Nairobi, injini hizi hutafutwa sehemu za Grogani, Barabara ya Kirinyaga, na Industrial Area. Nyingi zimeshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani na nchi nyingine. Nendeni watu watatu: fundi wenu, mweka hazina na mwanachama mmoja asiye wa kamati. Msimtume mtu mmoja na pesa zote mfukoni, hata awe katekista.

Kabla ya kuuliza bei, fundi aangalie. Atoe kijiti cha oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Afungue kifuniko cha oili juu na kutazama kama kuna povu. Atazame matundu ya maji kama yamejaa kutu, maana ni dalili kwamba mwenye injini hiyo naye alikunywesha gari yake maji ya mtoni. Azungushe krenki kwa spana, mzunguko kamili mara mbili, asikie kama inakwama popote. Atazame kama hedi imepakwa gundi mpya kando kando. Atoe plagi za kuwashia na kupima kompresheni ya silinda zote sita. Kinachoangaliwa ni nambari yenyewe, na pia kama zinakaribiana. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, iacheni injini hiyo hata kama muuzaji anaapa.

Kisha iwashwe. Iwekewe maji na oili, iwashwe pale pale chini, mwisikie ikiwa baridi na ikiwa moto. Moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha hata baada ya kupata moto ni maji. Moshi wa bluu ni oili. Muuzaji akisema haiwezi kuwashwa, basi aandike kwamba atairudisha au kuibadilisha katika siku mtakazokubaliana ikionekana mbovu, na atie sahihi. Mkishachagua, pigeni alama ya rangi kwenye bloku mahali mnapojua ninyi, na mnakili namba ya injini kabla ya kwenda kula chakula cha mchana. Kuna waliochagua injini moja na wakapakiziwa nyingine.

Kuna mambo matatu yanayowakamata hata mafundi wazuri. Kwanza, gari nyingi za aina hii zilizotumika Japani zilikuwa za volti 24, na zilizouzwa kwetu nyingi ni za volti 12. Stata, jenereta na plagi za kuwashia zilizokuja na injini huenda zisilingane na betri yenu. Wekeni zile za zamani kama ni nzima, msizitupe. Pili, injini yaweza kuwa 1HZ kweli lakini ilitoka kwenye gari ya umbo lingine, na sampu ya oili isipite juu ya ekseli ya mbele ya gari yenu. Pimeni sampu kabla ya kulipa. Mkihitaji kutumia ya zamani, na bomba la kufyonza oili lihamishwe pia. Tatu, kama ilitoka kwenye gari ya gia za kujibadilisha zenyewe, nyuma yake haina flaiwili ya klachi, na pengine hata ile beringi ndogo ya katikati ya krenki inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi haipo. Hamisheni flaiwili ya zamani ikiwa haijaliwa, na mnunue beringi mpya. Ni kitu kidogo mno, lakini kukiweka baadaye ni kushusha gia boksi upya.

Kwa hiyo bei ya injini si bei ya kazi. Kikundi kiulize bei ya vitu vyote kabla ya kuanza mchango: kusafirisha, winchi, gasketi, mihuri ya oili ya mbele na nyuma, belti ya taimingi, pampu ya maji, thamostati, hosi zote, kifuniko, rediata, sahani ya klachi, mipira ya kushikilia injini, filta, oili (1HZ hunywa lita 9 hadi 10), maji ya kupozea, na mkono wa fundi. Mkipata jumla ndipo mseme kila mwanachama atatoa ngapi. Mkichangisha pesa ya injini peke yake, fundi atalazimika kurudisha hosi za zamani, na hosi laini ya miaka kumi itapasuka mlimani.

Siku ya kuiweka

Belti ya taimingi ya 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ikikatika, vali zinagongana na pistoni, na mnarudi kuchanga. Kwa kuwa hamjui injini ya mtumba imetembea kilomita ngapi, wekeni mpya kabla haijaingia kwenye gari, wakati mtu anaifikia akiwa amesimama. Muhuri wa oili wa nyuma na klachi ni vivyo hivyo.

Kuhusu kuinua: injini ya silinda sita ina uzito wa mamia ya kilo. Nimeona ikining'inizwa kwenye tawi la mwembe kwa mnyororo na kijana akilala chini yake kufunga bolti. Tafadhali. Tumieni chuma cha miguu mitatu au winchi ya kukodi, na mtu asiingize mwili wake chini ya mzigo unaoning'inia.

Rediata ya kikundi chetu ilikuwa imeharibika sana, ikabidi iwekewe moyo mpya. Ingekuwa afadhali kidogo ingezibuliwa kwa kupitishwa vyuma kwenye mirija. Klachi ya feni ilibadilishwa na thamostati ikarudishwa. Maji waliyotumia ni ya mvua, yaliyochanganywa na dawa ya kupozea ya kuzuia kutu kama kopo linavyoagiza. Wameweka mtungi wa lita 20 wa maji ya mvua nyumbani kwa katibu, ni wa gari tu.

Kabla ya kuwasha, hewa itolewe kwenye njia za dizeli, kisha injini izungushwe kwa stata bila kuwaka mpaka taa ya oili izime. Ikishawaka, iachwe ingurume polepole hita ikiwa imefunguliwa, maji yakiongezwa mpaka mapovu ya hewa yaishe. Safari ya kwanza iwe fupi na bila mzigo. Ikirudi na kupoa, maji yaangaliwe tena, na hosi zote zipapaswe. Mzee wetu aliongeza kengele ndogo inayolia maji yakipungua, ili dereva asiutegemee mshale peke yake.

Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Mkibadilisha injini, namba iliyo kwenye bloku haitalingana tena na kitabu, na polisi au kampuni ya bima inaweza kuwauliza siku ambayo hamko tayari kujibu. Kwa hiyo dai risiti yenye namba ya injini na jina la muuzaji, pamoja na nakala ya karatasi za kuingizwa nchini kama ilitoka nje. Kisha ombeni NTSA ibadilishe rekodi. Maombi ya NTSA siku hizi hupitia eCitizen, na gari hukaguliwa. Injini iliyofutwa namba kwa tupa msiinunue hata kwa bei ya bure. Yaweza kuwa ya gari iliyoibwa, na mtakaolala ndani ni ninyi.

Na mkiwa kwenye karatasi hizo hizo, tazameni gari imeandikwa jina la nani. Vikundi vingi vya zamani viliandika jina la mwenyekiti. Mwenyekiti akifa, watoto wake wanasema ni gari ya baba. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ilipitishwa mwaka wa 2022, na ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi itawaeleza jinsi kikundi kinavyosajiliwa.

Kikundi chetu kilichukua miezi minane kupata jumla yote. Mkopo waliochukua ulikuwa robo tu ya kile walichotaka kuomba mwanzoni. Katika miezi hiyo walikodi gari la jirani kwa maembe, na kwa wagonjwa walihangaika sana, siwezi kuficha. Sasa kila safari ya mzigo hutoa kiasi fulani kwenye mfuko wa spea ambao hauguswi kwa jambo lingine, hata kwa mazishi. Jambo hilo lilileta ubishi mkali, na bado linabishaniwa.

Uamuzi wa kumlipisha dereva ulifutwa siku ile ile ya sufuria. Lakini alikataa kurudi kazini. Alikaa nyumbani miezi miwili, kwa sababu alikuwa ameitwa mwongo mbele ya mke wake na hakuna aliyekuja kumwambia neno. Ilibidi mwenyekiti na mweka hazina waende kwake kwa miguu, jioni, wakaketi na kunywa chai. Sijui walisema nini. Jumatatu alikuja na daftari la shule, na mpaka leo huandika kila asubuhi: oili, maji, belti, hosi. Kila mkutano kamati hulisoma daftari hilo kabla ya kusoma hesabu ya pesa.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni mashine gani ya kikundi chetu iliyoharibika mwisho? Ulizeni "lakini kwa nini?" angalau mara tano, na mwandike kila jibu.

2. Fungueni daftari la mikutano la mwaka uliopita. Ni taarifa gani za dereva, mlinzi au mwendesha mashine zilizoandikwa "itajadiliwa mkutano ujao"? Zilijadiliwa?

3. Mtu wetu akilaumiwa kwa hasara, nani humsikiliza kabla ya uamuzi kutolewa?

4. Kama mashine yetu ingekufa kesho, tungehitaji kiasi gani kwa kazi yote? Mfuko wetu una kiasi gani leo?

5. Maji tunayotia kwenye rediata yetu yanatoka wapi? Fungueni kifuniko asubuhi, injini ikiwa baridi, mtazame rangi yake.